Kiwanja kimekauka na mvua ndo hiyo inakuja: vile utarudisha nyasi ya fildi

Ukipita kwa viwanja vya shule na vya mtaa mwezi wa pili hivi, kuanzia Nakuru ukishuka mpaka Kisumu, utapata hadithi ni moja, nyasi ishageuka kahawia, mbele ya goli ni vumbi tu, katikati kuna njia ya bodaboda, alafu kila mtu anasema tungoje mvua ndefu itarudi yenyewe. Na ni kweli, nyingi itarudi. Shida ni kwamba jua la Januari haliui kiwanja vile watu wanadhani. Chenye kinaua ni mechi za wiki za kwanza za mvua, wakati udongo umelainika juu, mizizi mipya haijashika, na vijana ishirini na wawili wa njumu wanazunguka hapo mpaka giza. Kila nyasi ilikuwa inajaribu kuamka inang'olewa, na ule udongo unakanyagwa ukiwa na maji, ukikauka tena unakuwa mgumu kuliko mwanzo. Kwa hivyo kama huna muda wa kusoma yote, beba hii moja: wiki sita za kwanza za mvua watu watoke kwa nyasi. Hayo mengine yote ni ya kusaidia hiyo.

Naandikia mwalimu wa michezo, kapteni wa timu ya mtaa, ama ile kamati ya uwanja yenye haina hata bei ya chokaa. Wale wa viwanja vikubwa kama Afraha ama Bukhungu wako na watu wao. Na ukitafuta mtandaoni utapata mafundisho mengi ya Ulaya, ya kurudisha uwanja baada ya miezi ya baridi na theluji, wanakwambia umwage mbegu za raigrasi. Achana nayo. Hiyo ni nyasi ya nchi za baridi, ukiipeleka Kisumu itamea vizuri wakati wa mvua, utapiga picha, alafu kiangazi cha kwanza kinaifagia. Kiangazi chetu ndo baridi yao, na dawa yake ni tofauti.

Jua kwanza kama imekufa ama imelala

Nyasi nyingi za huku zinatambaa, ziko na mashina ardhini yenye hayafi haraka. Chukua panga, chimba kidogo pale pamekauka, toa kipande cha shina lenye liko chini ya udongo ulivunje. Ndani kukiwa na weupe na unyevu kidogo, iko hai. Likivunjika kavu na ndani ni kahawia tupu, hapo umepoteza.

Kama huamini macho yako, mwishoni mwa Februari chagua sehemu tatu nne, moja mbele ya goli, moja kwa duara la katikati, moja kwa kona, kila moja mita moja kwa mita moja, uzungushie vijiti na uwe unamwagia ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Baada ya kama wiki mbili utajua. Kona karibu kila mara itakuwa kijani kwa sababu hakuna mtu hucheza huko. Penye pamekuwa kijani panataka kupumzishwa tu, usipachimbe, usipapande. Penye hapajatoa kitu ndo pa kupanda. Watu wengi wanaharibu nguvu na pesa kupanda uwanja wote na robo tatu yake ilikuwa inangoja maji tu.

Alafu jua nyasi yako ni gani. Huku Nakuru, Njoro, Molo mpaka upande wa Kakamega, nyingi ni nyasi ya kikuyu, ile ya shina nene na majani yenye manyoya manyoya. Inapenda mahali pa juu, na Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari kwa hivyo iko nyumbani. Kisumu ni kama mita 1,130 na joto lake mnalijua, kikuyu kule inasumbuka, yenye inavumilia ni ukoka, ile ya majani membamba na shina la kama waya, wengine wanaita bamuda. Paspalamu pia inavumilia. Usibebe nyasi ya Njoro upeleke Nyamasaria kule Kisumu ukidhani umepata dili.

Fungua udongo

Hii ndo kazi yenye watu hurukia, na ndo iko na faida kuliko mbolea. Udongo ukikanyagwa miezi mingi hewa inatoka, maji ya mvua yanakimbia juu yanaenda kwa mtaro, mizizi inabaki pale juu juu tu sentimita mbili tatu. Jaribu na bisibisi ndefu siku moja baada ya mvua. Ikiingia mpaka mpini kwa mkono tu, uko sawa. Ikigoma kama umegonga sakafu ya simiti, lazima ufungue.

Chombo ni fok jembe ya kawaida. Dunga moja kwa moja chini kama sentimita 10, itikise mbele na nyuma kidogo bila kupindua udongo, toa, songa sentimita 15, dunga tena. Usilime! Ukipindua umeua ile nyasi imebaki. Na uchague siku: udongo mkavu utavunja mpini wa fok, udongo wa tope unaziba mashimo hapo hapo unapoyatoboa. Siku moja ama mbili baada ya mvua nzuri ya kwanza ndo yenyewe.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndo kamati hukata tamaa. Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 ni mita mraba 7,140. Fok ya upana wa sentimita 20 ukienda nayo kwa hatua za 15, ni karibu midungo 33 kwa kila mita mraba, kwa hivyo uwanja wote ni zaidi ya laki mbili. Hakuna mtu atafanya hiyo. Lakini ile boksi ndogo ya kipa ni mita 18.32 kwa 5.5, yaani mita mraba 100 hivi, midungo kama 3,300. Timu ya watu ishirini ni kama 170 kila mmoja, hiyo ni mazoezi ya jioni moja, na mikono itauma kuliko presapu. Fanyeni boksi mbili, duara la katikati, na pale refa msaidizi hukimbia kwa laini. Raga ni vile vile, nendeni pale skramu hukaa sana. Hapo pengine pakubwa waachieni mvua na minyoo.

Udongo wenyewe unabadilisha mambo kidogo. Nakuru ni udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, unashuka maji haraka na kiangazi unapeperuka wote unaingia kwa nyumba za watu, huo unataka mboji iliyoiva ili ushike maji. Kano, Ahero na sehemu za Kisumu ni ule udongo mweusi wa pamba. Huo kiangazi unapasuka nyufa mguu unaweza kuingia, na ikinyesha unafura, unajifunga, na unashika njumu mpaka kila mtu anakuwa mrefu. Huo usiguse kabisa ukiwa na maji, na usidanganywe eti mwaga lori moja la mchanga utakuwa mwepesi, mchanga kidogo kwa udongo wa mfinyanzi hausaidii kitu. Huko pesa yako weka kwa mitaro ya pembeni na kuinua katikati ya uwanja kidogo kidogo kila mwaka ili maji yatembee. Maji yakikaa siku mbili mbele ya goli hakuna nyasi itaishi hapo, upande ya aina gani.

Mchanga na mboji juu

Baada ya kudunga, mwaga mchanganyiko wa mchanga wa mto uliochekechwa na mboji iliyoiva, nusu kwa nusu, usambaze na reki uingie kwa mashimo. Isizidi nusu sentimita, ncha za majani lazima zionekane. Kwa boksi moja ya kipa hiyo ni nusu mita ya ujazo, kama wilbaro nane. Uwanja mzima ungekula tani zaidi ya 50, sahau. (Kwa udongo wa pamba weka mboji peke yake.)

Samadi mbichi kutoka kwa boma hapana. Inakuja na mbegu za magugu, inachoma nyasi changa, na kitu kingine watu hawafikirii, wachezaji huanguka wakachubuka magoti na kinyesi cha wanyama hubeba vijidudu vya pepopunda. Kama ng'ombe wanalala uwanjani hiyo ni mazungumzo ya kufanya na wenye ng'ombe, kwa upole, juu mara nyingi ni wazee wa hapo hapo na ndio walitoa hiyo ardhi.

Kupanda penye pamekufa

Haina haja ya kununua. Nyasi iko nyuma ya goli, iko kando ya barabara, na Njoro ama Molo ukimwambia mkulima wa mahindi unataka kumtolea kikuyu kwa shamba atakupikia chai. Kata mashina yanayotambaa urefu wa sentimita 15 hivi, kila kipande kiwe na vifundo vitatu ama vinne. Weka kwa gunia lililoloweshwa, kivulini, na upande siku hiyo hiyo. Nimeona vijana wanaacha gunia kwa jua wakienda lanchi, wakirudi ni za kulisha mbuzi.

Chora mistari na jembe kina cha sentimita 5, mstari hadi mstari sentimita 15 mpaka 20. Laza vipande, fukia vifundo, acha kama theluthi ya kila kipande itoke nje, alafu kanyaga polepole ishikane na udongo. Mbolea ya DAP kilo moja inatosha hiyo boksi yote ya mita mraba 100, ichanganye na udongo wa mstari kabla hujalaza nyasi. Lakini upande wa Kakamega, Vihiga na Bungoma udongo mwingi ni wa asidi na DAP ya kila mwaka inaongeza hiyo asidi, huko mboji nzuri inaweza kufanya kazi peke yake. Na kama unafikiria kuweka chokaa ya kilimo, pima udongo kwanza, KALRO, wale wa utafiti wa kilimo, wanapima, kwa sababu kikuyu inavumilia asidi na unaweza kuwa unamwaga pesa. Chokaa na CAN, ile mbolea ya nitrojeni, zisikutane siku moja, nitrojeni itapaa hewani uisikie kwa pua tu. Achanisha wiki kadhaa.

Wakati mzuri ni mvua ikishashika kweli, nusu ya pili ya Machi ama mapema Aprili. Mvua mbili za kudanganya mwanzo wa Machi zisikutoe kwa nyumba na jembe. Ikipata mvua vizuri itafunika kwa miezi miwili hadi mitatu, Kakamega haraka kuliko Nakuru kwa sababu kule inanyesha sana kuliko huku.

Maji ikikosa kunyesha: milimita moja ya mvua ni lita moja kwa mita mraba, na nyasi changa inataka kama milimita 25 kwa wiki. Boksi moja ni lita 2,500 kwa wiki, hiyo wanafunzi na mitungi wataweza ama tangi moja la shule. Uwanja mzima ni karibu lita 180,000, bauza 18 za lita elfu kumi. Mheshimiwa akikuahidi bauza moja, mshukuru na umwelekeze kwa goli. Mwagia asubuhi mapema, na mwaga ya kushuka chini mara mbili tatu kwa wiki, kuliko kunyunyiza kila siku ya kulowesha vumbi.

Mbolea, baadaye kidogo

Ngoja mpaka uone majani mapya. Kuwekea nyasi iliyolala mbolea ni kulisha magugu. Ikishatoa, weka CAN, gramu 20 kwa mita mraba, kifuniko cha soda kinabeba kama 5 kwa hivyo ni vifuniko vinne. Boksi ya kipa kilo mbili, uwanja mzima ni mifuko mitatu ya kilo 50 hivi. Kama pesa ni ya mfuko mmoja, gawanya kwa goli mbili na katikati, usitandaze kidogo kidogo kila mahali. Mwaga nusu ukitembea urefu wa uwanja na nusu ukikata upana, ndo usipate mistari ya kijani na njano. Majani yawe makavu, udongo uwe na unyevu, na mvua iwe inakuja jioni. Ikikwama kwa majani yenye maji inachoma. Yuria pia inafanya kazi lakini ina nitrojeni asilimia 46, CAN ni 26 hivi, kwa hivyo ukitumia kipimo cha CAN kwa yuria utaamka upate uwanja umeungua.

Viwavijeshi navyo huja na mwanzo wa mvua na vinapenda nyasi changa. Ukiona ndege wamejaa uwanjani ghafla na majani yanaisha kutoka upande mmoja, inama uangalie chini, alafu muite afisa wa kilimo siku hiyo, kesho utapata mashina. Mbigiri ing'oe kwa mkono ikiwa na maua kabla haijatoa ile miiba. Ndago hutaimaliza kwa kung'oa, iko na vinundu chini, ila nyasi ikishafunga vizuri inaizidi nguvu.

Kukata

Usikate mpaka ifike sentimita 7 ama 8, na ukikata toa theluthi tu, ibaki 5 hivi. Watu wakiona kijani wanachukua slesha wanakwangua mpaka udongo eti mpira uteleze vizuri, hapo umeirudisha Januari. Slesha iwe na makali, butu inararua na ncha zinageuka nyeupe. Kondoo wachache wakati kumekauka sio vibaya, ng'ombe kwa udongo wenye maji ni mashimo tupu. Na usichome nyasi kavu kabla ya mvua, najua watu hufanya, hicho unachoma ndo kivuli cha udongo wako.

Sasa kuwatoa watu, hapa ndo kuna siasa

Hii ndo ngumu na hakuna mbolea ya kuirekebisha. Bahati nzuri likizo ya Aprili inaangukia hapo hapo kwa mvua, kwa shule hiyo ni dhahabu. Mbaya ni kwamba ndo wakati kila mtu anataka uwanja, kuna kombe la mwanasiasa, kuna krusedi ya hema, kuna harambee, na ukienda upande wa Ikolomani unaweza kupata hata fahali wanapigana hapo. Fahali wawili kwa udongo wa Aprili, na watu wanaowashangilia nyuma, hesabu mwenyewe. Kamati ikae Februari na chifu, mwalimu mkuu na makapteni, muandike tarehe za kufunga na kufungua na mzibandike ukutani, juu ukianza kukataza watu Aprili ukiwa peke yako utaitwa adui wa vijana.

Usifunge bila kuwapa kwingine. Sogeza mazoezi pembeni, geuza uwanja mcheze kwa upana na magoli madogo ya miti, magolikipa wafanyie nje ya laini. Kama magoli yenu yanang'oka, yasogezeni mita tano sita kando kila msimu, ile sehemu iliyochoka ipumzike. Mkibaki na nusu moja tu ya kucheza, fungeni nusu nyingine alafu mbadilishane msimu ujao.

Ile njia ya bodaboda haifungwi na matawi ya miiba, wataitoa asubuhi kabla hujaamka. Angalia wanatoka wapi na wanaenda wapi, uwatengenezee njia pembeni ya uwanja yenye ni nzuri kuliko hiyo, lori moja la maramu na pengo kwa ua mahali panafaa, alafu ndo uzibe ya katikati. Mama akibeba mtungi wa maji hatazunguka mita mia mbili kwa sababu ya nyasi, lakini atazunguka ishirini kama hakuna tope.

Laini pia, wacheni kuchora na oili chafu ya gari. Inakaa, ni kweli, lakini inaua nyasi na mwaka unaofuata uko na mitaro badala ya laini. Rangi ya maji iliyochanganywa inatosha. Na ile chokaa kali ya wajenzi inachoma macho na ngozi, mtoto akiangukia hapo ni hospitali.

Kufungua

Usiangalie rangi tu. Shika fungu la nyasi ulivute kwa nguvu kwa sehemu kadhaa, sana sana zile mlipanda. Likitoka na mizizi, ongezeni wiki mbili. Majani yakikatika na mizizi ikabaki, anzeni, lakini na watoto wa praimari kwanza na raba, alafu mechi moja ya Jumapili, mazoezi yabaki pembeni mpaka Julai hivi. Siku ya mechi ikinyesha, kanyaga na kisigino mbele ya goli, maji yakipanda kuzunguka kiatu mechi ihamishwe, hata kama jezi zishavaliwa na refa ashalipwa. Na baada ya kila mechi kabla watu hawajaenda soda, timu zote mbili zitembee uwanja zikirudisha vibonge vya nyasi vilivyong'oka na kuvikanyaga mahali pake, ni dakika kumi, na bonge likirudishwa jioni hiyo linashika, kesho yake mchana lishakauka.